Kupima kasi ya kusoma na kuandika ya diski: mwongozo kamili kwa kompyuta za kazi

Kompyuta ya kuhariria video za harusi imeanza kusuasua. Ukibonyeza kucheza, picha inakwama. Ukihifadhi mradi, unangoja. Ukinakili kadi ya kamera, mstari wa asilimia unasimama pahala pamoja dakika nzima kisha unaruka. Ushauri unaotolewa haraka, Mlandege ya Unguja na Chake Chake ya Pemba sawasawa, ni "badilisha diski". Huenda ndivyo. Lakini huenda diski ni nzima na tatizo ni waya ulioshika kutu, ni joto, ni diski iliyojaa pomoni, au ni programu ya kuzuia virusi inayopekua kila faili inayofunguliwa. Kila kimojawapo kina alama yake katika vipimo, na vipimo hivyo vinafanywa kwa programu za bure ndani ya saa mbili.

Kuna sharti moja. Kipimo kilichofanywa vibaya ni kibaya kuliko kutopima, kwa sababu kinakupa tarakimu yenye sura ya ukweli na ndani yake hamna kitu. Ukiambiwa "diski hii inakwenda MB 2,000 kwa sekunde" bila ya kuambiwa faili ilikuwa kubwa kiasi gani, ilisomwa kwa vipande vya ukubwa gani, na kama data ilifika kwenye diski yenyewe au iliishia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa tunaeleza namna ya kulifungua gunia hilo, kwenye Linux na kwenye Windows.

Tarakimu nne, si moja

Mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili diskini, uwe ext4, NTFS au btrfs, unafanya kazi mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni kusoma au kuandika mfululizo: faili moja kubwa tangu mwanzo hadi mwisho, kama video ya GB 20. Ya pili ni kurukaruka: vipande vidogo vya KB 4 vilivyotawanyika, kama pale kompyuta inapowaka, programu inapofunguka, au hifadhidata ya wageni wa hoteli inapotafuta jina. Kila kazi ina upande wa kusoma na upande wa kuandika. Hizo ni tarakimu nne, na hakuna inayoweza kusimama badala ya mwenzake.

Tizama diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.33. Kwa wastani kichwa cha kusomea kinangoja nusu ya mzunguko, milisekunde 4.17, hadi kipande kinachotakiwa kipite chini yake; na kabla ya hapo kimeshatumia milisekunde 8 au 9 kusogea hadi kwenye mstari wenyewe. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila kipande. Ndani ya sekunde moja unapata vipande 77 tu. Kipande kikiwa KB 4, hiyo ni KB 308 kwa sekunde. Diski hiyo hiyo, ikisoma faili moja kubwa mfululizo, inatoa MB 150 hadi 200 kwa sekunde. Ni diski moja, na tofauti kati ya tabia zake mbili ni kama mara mia tano. Anayekutajia ile kubwa peke yake hajakwambia kwa nini mashine yako inachukua dakika tatu kuwaka.

Hii pia ndiyo sababu harusi iliyopigwa kwa kamera tatu inaishinda diski ambayo kwenye karatasi inatosha. Kamera moja ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji MB 12.5 kwa sekunde. Tatu zinahitaji MB 37.5, robo tu ya uwezo wa diski. Lakini ukizicheza zote kwa pamoja, kichwa kinahama kutoka faili hadi faili, na kila kuhama kunakula milisekunde zake. Ongeza sauti na picha ndogo ndogo za kwenye dirisha la mradi, kasi inaporomoka.

Mbali na diski, kuna mipaka ya njia inayopita data. Inafaa kuikariri, maana mara nyingi inatoa jawabu kabla ya uchunguzi wowote. SATA III, njia ya waya ya diski za kawaida, kwa vitendo inafika kama MB 550 kwa sekunde, SATA II kama 270. NVMe, aina ya diski inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, ya PCIe 3.0 yenye njia nne inafika kama 3,500, na ya PCIe 4.0 kama 7,000. USB 2.0 haivuki 40, USB 3.0 ya gigabiti 5 inafika 400 na ushei. Mtandao wa waya wa gigabiti 1 unaishia kwenye 110 hadi 118, na wa megabiti 100 unaishia kwenye 11 au 12. Kwa hiyo SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) mpya inayogota kwenye MB 270 haina ubovu: imechomekwa kwenye mlango wa SATA II, jambo la kawaida katika mashine za zamani zilizoingia kama mtumba. Na diski ya nje inayogota kwenye 38 iko kwenye tundu la USB 2.0, au inatumia waya wa USB 2.0.

Hatua ya 1: Iandae mashine

Hifadhi nakala ya data muhimu kwanza. Vipimo vilivyoelezwa hapa vinaandika kwenye faili ya majaribio tu, lakini diski inayokaribia kufa inaweza kufia mikononi mwako ikipewa kazi nzito ya saa nzima.

Kompyuta ya mkononi ichomeke kwenye umeme, kwa sababu ikiwa kwenye betri inajipunguza nguvu na tarakimu zinashuka. Zima programu zinazosawazisha mafaili na mtandao, masasisho, na kunakili kokote kunakoendelea nyuma ya pazia. Programu ya kuzuia virusi iache iendelee kwanza; utaizima baadaye kwenye kipimo kimoja tu, ili uone sehemu yake.

Hakikisha nafasi tupu haipungui robo ya diski. SSD iliyojaa asilimia 95 haina vyumba vitupu vya kuandikia, inalazimika kuhamisha data ya zamani kabla ya kupokea mpya, na kipimo chake kitasema habari ya kujaa, si habari ya diski. Kwenye diski ya kuzunguka kuna jambo jengine: sehemu za mwanzo ziko ukingo wa nje wa sahani, ambako data nyingi zaidi inapita kwa kila mzunguko, na sehemu za mwisho ziko ndani. Kasi ya mfululizo upande wa ndani ni kama nusu ya ile ya nje. Basi diski iliyopimwa ikiwa tupu na ikapimwa tena ikiwa imejaa itatoa majibu mawili, na yote ni sahihi.

Sasa jua unachokipima. Kwenye Linux:

`lsblk -o NAME,MODEL,SIZE,ROTA,TRAN,FSTYPE,MOUNTPOINT`

`findmnt -T /kazi`

`free -h`

Safu ya ROTA ikiwa 1, diski inazunguka. Ikiwa 0, ni SSD. TRAN inakwambia kama njia ni sata, nvme au usb. Amri ya pili inaonyesha folda ya `/kazi` (weka jina la folda yako badala yake) iko kwenye mfumo gani wa faili na umefungwa kwa chaguo zipi. Amri ya tatu inakupa ukubwa wa RAM, ambao utauhitaji punde. Kwenye Windows fungua PowerShell kama msimamizi:

`Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, BusType, Size`

Kisha soma afya ya diski kabla hujaipa kazi. Programu ya smartctl, kutoka kifurushi cha smartmontools, inapatikana kwa mifumo yote miwili:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Tizama mistari mitatu. Nambari 5, Reallocated_Sector_Ct, ni vipande vilivyokufa na kubadilishwa. Nambari 197, Current_Pending_Sector, ni vipande vinavyokataa kusomeka sasa hivi; ikizidi sifuri, acha kupima na anza kuhamisha data. Nambari 199, UDMA_CRC_Error_Count, inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta, na hiyo tutairudia. Juu zaidi kuna mstari wa namna hii:

`SATA Version is: SATA 3.2, 6.0 Gb/s (current: 3.0 Gb/s)`

Neno "current" likionyesha kasi ndogo kuliko uwezo, diski na ubao vimekubaliana kwenda taratibu. Ama mlango ni wa zamani, ama waya una tatizo.

Hatua ya 2: Ujue mtego wa RAM

Mfumo wa uendeshaji haukimbilii kuandika kwenye diski. Unapokea data, unaiweka kwenye RAM, unakuambia "tayari", kisha unaiandika kidogo kidogo. Kusoma ni vivyo hivyo: faili iliyosomwa mara moja inabaki kwenye kashe, yaani akiba ya muda ndani ya RAM, na mara ya pili haitoki kwenye diski kabisa. Ni utaratibu mzuri kwa kazi na ni sumu kwa kipimo. Jionee mwenyewe:

`dd if=/dev/zero of=/kazi/jaribio.bin bs=1M count=4096`

`dd if=/dev/zero of=/kazi/jaribio.bin bs=1M count=4096 conv=fdatasync`

Amri zote mbili zinaandika GiB 4. Ya kwanza, kwenye mashine yenye RAM ya kutosha, inaweza kutangaza gigabaiti nzima kwa sekunde hata kama diski ni ya kuzunguka. Ya pili inahesabu na muda wa kuisukuma data hadi diskini, na hapo ndipo ukweli unapoanza kuonekana. Kuna na `oflag=direct`, inayoipita kashe moja kwa moja.

Hata hivyo dd si chombo cha kutegemea. Haijui kurukaruka, na `/dev/zero` inatoa sifuri tupu: btrfs au ZFS yenye ubanaji itaziminya sifuri hizo zikawa karibu na hakuna, na utadhani umenunua diski ya ajabu. Ukibadilisha ukatumia `/dev/urandom`, prosesa ndiyo inayokuwa kikwazo kwa sababu kutengeneza nambari za bahati nasibu kuna gharama. Tumia dd kwa kuonja tu, kisha nenda kwenye fio.

Hatua ya 3: Vipimo vinne kwa fio

Fio, programu ya kupimia diski, iliandikwa na Jens Axboe, mmoja wa watunzaji wa sehemu ya diski katika kiini cha Linux, na ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Kwenye Debian na Ubuntu isakinishe kwa `sudo apt install fio`. Inajaza data isiyobanika kirahisi, inapita kando ya kashe, na inatoa muda wa kuchelewa pamoja na kasi.

Onyo moja la kushika: `--filename` iwe faili, isiwe diski. Ukiandika `/dev/sda` kwenye kipimo cha kuandika, fio itatii, na data yote itakwenda na maji.

Kuandika mfululizo:

`mkdir -p /kazi/jaribio`

`fio --name=andika --filename=/kazi/jaribio/fio.dat --size=32G --rw=write --bs=1M --ioengine=libaio --iodepth=8 --direct=1 --end_fsync=1`

GB 32 si ukubwa wa kubahatisha. SSD nyingi za bei ya kawaida zinatumia chembe za TLC au QLC (zinazobeba biti tatu au nne kila moja), ambazo ni polepole kuandikwa, na zinajificha nyuma ya sehemu ndogo ya haraka inayoitwa kashe ya SLC. Ukiandika GB 1, unapima kashe hiyo peke yake. Ukiendelea, inajaa, na kasi inaanguka. Kwenye QLC inaweza kuanguka hadi karibu na diski ya kuzunguka. Anayemwaga kadi za GB 128 kila Jumapili asubuhi anaishi upande wa pili wa anguko hilo. Kama ndiyo kazi yako na nafasi ipo, pandisha hadi `--size=120G` na uangalie tarakimu inayobadilika kwenye skrini: dakika inaposhuka, andika umeshaandika GB ngapi. Hapo ndipo kashe inapoishia.

Usiogope kuichosha diski. SSD nyingi za GB 500 zina dhamana ya kuandikwa TB 150 hadi 300. Vipimo vya siku moja ni tone.

Kusoma mfululizo, kwa faili ile ile:

`fio --name=soma --filename=/kazi/jaribio/fio.dat --size=32G --rw=read --bs=1M --ioengine=libaio --iodepth=8 --direct=1 --runtime=60 --time_based`

Kusoma kwa kurukaruka, foleni ya mtu mmoja:

`fio --name=ruka-soma --filename=/kazi/jaribio/fio.dat --size=32G --rw=randread --bs=4k --ioengine=libaio --iodepth=1 --direct=1 --ramp_time=5 --runtime=60 --time_based`

Neno `iodepth` ni urefu wa foleni: maombi mangapi yanasubiri kwa wakati mmoja. Matangazo ya SSD hupimwa kwa foleni ya 32 au zaidi, kwa sababu hapo tarakimu inapendeza. Kompyuta ya mtu mmoja anayefungua programu na mafaili mara nyingi iko kwenye foleni ya 1 hadi 4. Ndiyo maana kipimo hiki cha foleni ya 1 tunakipa uzito kuliko vyote: kinafanana na kile mkono unachokihisi.

Kuandika kwa kurukaruka, na kila andiko lithibitishwe:

`fio --name=ruka-andika --filename=/kazi/jaribio/fio.dat --size=4G --rw=randwrite --bs=4k --ioengine=psync --fsync=1 --runtime=60 --time_based`

Chaguo la `--fsync=1` linailazimisha diski kukiri baada ya kila kipande kwamba data imekaa. Hivi ndivyo hifadhidata za uhasibu na za mapokezi zinavyoandika. Usishtuke tarakimu ikiwa ndogo: diski ya kuzunguka itatoa makumi kwa sekunde, na SSD ya kawaida, isiyo na kinga ya kukatika umeme, itatoa mamia au maelfu machache, hata kama sanduku lake limeandikwa laki kadhaa.

Rudia kila kipimo mara tano na uchukue thamani ya kati, si ile nzuri kuliko zote. Vipimo vitano vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna kitu kinachoingilia. Kitafute kabla ya kuandika jibu.

Hatua ya 4: Soma jibu mpaka mkiani

Jibu la fio ni refu na wengi huishia mstari wa kwanza. Kwa diski ya kuzunguka tuliyoipigia hesabu, sehemu ya juu ingekuwa na umbo hili:

`read: IOPS=77, BW=308KiB/s`

IOPS ni idadi ya maombi kwa sekunde, BW ni kasi. KiB ni baiti 1,024. Fio huonyesha pia kB ya baiti 1,000. Usilinganishe moja na nyengine, maana kwenye gigabaiti tofauti inafika asilimia 7 na mtu anaweza kugombana na muuzaji bure.

Chini yake kuna `clat`, muda wa kungoja, na orodha ya asilimia: 50.00th, 99.00th, 99.90th. Huko ndiko kwenye siri. Hamsini inakwambia hali ya kawaida. Tisini na tisa nukta tisa inakwambia ombi moja baya katika elfu. SSD ambayo wastani wake ni sehemu ya kumi ya milisekunde, lakini mkiani kuna maombi ya milisekunde 300, ndiyo ile inayofanya mshale wa panya ugande kila baada ya muda huku kasi ya wastani ikionekana safi. Ukikuta mkia mrefu, angalia joto, nafasi tupu, na ile nambari 197.

Wakati kipimo kinaendelea, fungua dirisha la pili na uendeshe `iostat -x 1`, kutoka kifurushi cha sysstat. Safu za `r_await` na `w_await` ni milisekunde za kungoja. Safu ya `aqu-sz` ni foleni. Safu ya `%util` ni ya kutazamwa kwa uangalifu: kwenye diski ya kuzunguka 100 ni kweli imejaa kazi, lakini SSD inahudumia maombi mengi kwa pamoja, na 100 yake inamaanisha tu kwamba haikukaa bure.

Kwenye Windows

Chombo kinacholingana na fio ni DiskSpd ya Microsoft, ya bure, inayoendeshwa kwa amri bila kusakinishwa. Vipimo vinne vile vile, kwa mpangilio ule ule:

`diskspd.exe -c32G -b1M -d60 -o8 -t1 -w100 -Su -Z1M -L D:\jaribio\ds.dat`

`diskspd.exe -b1M -d60 -o8 -t1 -w0 -Su -L D:\jaribio\ds.dat`

`diskspd.exe -r -b4K -d60 -o1 -t1 -w0 -Su -L D:\jaribio\ds.dat`

`diskspd.exe -r -b4K -d60 -o1 -t1 -w100 -Sh -Z1M -L D:\jaribio\ds.dat`

Folda ya `D:\jaribio` itengeneze kwanza. `-w` ni asilimia ya kuandika, `-o` ni foleni, `-L` inaleta muda wa kungoja. `-Su` inapita kashe ya Windows, na `-Sh` inaongeza kuikataza diski kujificha nyuma ya kashe yake yenyewe ya kuandikia. `-Z1M` inajaza data ya nasibu badala ya mchoro unaojirudia.

Wanaotaka vitufe wana CrystalDiskMark, ambayo ndani yake inatumia DiskSpd hiyo hiyo. Ni nzuri, kwa masharti mawili: pandisha ukubwa wa jaribio kutoka GiB 1 iliyowekwa hadi 32 au 64, na uangalie zaidi mstari wa RND4K Q1T1, wa chini kabisa, ambao ndio watu huuruka.

Mafaili madogo: kipimo kinachosahauliwa

Vipimo vyote vya juu vinapima diski kupitia faili moja iliyokwisha funguliwa. Havigusi kazi ya mfumo wa faili wenyewe: kutengeneza jina, kuandika tarehe na ruhusa, kufunga. Ofisi inayochanganua nyaraka, au inayotunza maelfu ya picha za safari za watalii, inateseka hapo. Tengeneza mafaili 20,000 ya KiB 16, na faili moja yenye uzito ule ule:

`cd /kazi/jaribio && mkdir ndogo`

`for i in $(seq 20000); do head -c 16384 /dev/urandom > ndogo/f$i; done`

`head -c 327680000 /dev/urandom > moja.dat`

Safisha kashe, kisha pima kunakili:

`sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`

`time sh -c 'cp -r ndogo nakala && sync'`

Safisha tena na ufanye vivyo hivyo kwa `moja.dat`. Baiti ni zile zile. Tofauti ya muda ndiyo ada ya mfumo wa faili kwa kila jina. Kwenye Windows tengeneza folda kama hiyo na utumie:

`Measure-Command { robocopy D:\jaribio\ndogo D:\jaribio\nakala /E /NFL /NDL }`

Hapa ndipo pa kuijaribu programu ya kuzuia virusi. Pima ikiwa inafanya kazi, futa nakala, iondolee folda ya jaribio kwenye ukaguzi, pima tena. Pengo likiwa kubwa, ziondoe kwenye ukaguzi folda za mradi wa video peke yake, na usiizime programu nzima: flashi zinazozunguka kutoka ofisi hadi ofisi hazijaacha kubeba virusi.

Joto, chumvi na umeme

Vitu hivi vitatu mara nyingi havipewi uzito katika miongozo ya ughaibuni, na hapa kwetu Zanzibar vinaharibu vipimo kuliko chochote.

NVMe ikipanda kuelekea digrii 70 au 80, kwa kutegemea aina, inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi kinapita digrii 32 mchana, na diski hiyo huwa imebanwa chini ya kadi ya picha. Endesha kipimo cha kuandika kirefu na utazame:

`watch -n 2 "sudo smartctl -A /dev/nvme0 | grep Temperature"`

Kasi ikianguka sambamba na joto kupanda, na ikirudi ukielekeza feni kwenye kasha lililo wazi, dawa ni kipoza cha alumini cha kubandika, kitu cha bei ndogo. Kasi ikianguka wakati joto limetulia, basi ni kashe ya SLC. Ndiyo namna ya kuyatofautisha mambo mawili ambayo kwenye mchoro wa kasi yanafanana kama mapacha. Andika daima saa na joto la chumba kando ya kila kipimo. Cha alfajiri na cha saa nane mchana si kimoja.

Chumvi inafanya kazi yake polepole. Katika nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari, Shangani, Malindi, Mkoani, meno ya shaba ya waya wa SATA hushika utando wa kijani au weusi mwembamba usioonekana mpaka uumulike kwa tochi ya simu. Diski inatuma data, inafika imeharibika, inatumwa tena. Kwenye kipimo utaona kasi inayopanda na kushuka bila mpango, na ile nambari 199 ikiongezeka. Hesabu hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo kuwepo kwake si ushahidi. Iandike, endesha kipimo, isome tena. Ikiwa ilikuwa 214 na sasa ni 260, tatizo liko hai. Zima mashine, chomoa umeme, futa meno kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, ngoja dakika kumi, badilisha waya, rudia. Diski nyingi zilizohukumiwa kufa zilihitaji waya mpya tu.

Umeme ni habari nyengine. Unguja na Pemba zote zinapata umeme wa bara kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, na aliyekuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 anakumbuka miezi mitatu ya jenereta. Katika mazingira hayo kuna ushauri mmoja wa kukataa. Ukitafuta namna ya kuongeza kasi utaambiwa uweke chaguo la `nobarrier` kwenye Linux, au kwenye Windows uweke tiki kwenye kisanduku cha kuzima usukumaji wa kashe ya kuandikia. Kipimo cha kuandika kwa kurukaruka kitapanda sana, kwa sababu diski haitakiwi tena kukiri. Umeme ukikatika katikati, mfumo wa faili unabaki umeandikwa nusu. Usifanye hivyo hata ukiwa na UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Betri ya UPS nayo huchoka kimya kimya.

Diski za nje na folda za mtandao

Kabla ya kupima kasi ya flashi au diski ya nje uliyoinunua, hakikisha ukubwa wake ni wa kweli. Zipo zinazojitangaza GB 512 na ndani zina 32. Programu za `f3write` ikifuatiwa na `f3read` zinaijaza na kuisoma yote, na zinasema ngapi ni za kweli na ngapi hazipo.

Folda ya mtandao ipime baada ya kuupima mtandao wenyewe kwa `iperf3`, programu ya kupimia kasi ya mtandao kati ya mashine mbili. Ukipata megabiti 94, swichi au waya ni wa megabiti 100, na hakuna diski ya seva itakayokupa zaidi ya MB 11 au 12. Ukipata 940 na bado faili inakwenda MB 30, ingia kwenye seva na uifanyie vipimo vile vinne papo hapo. Kumbuka kwamba `--direct=1` inapita kashe ya kompyuta yako; kashe ya seva iko pale pale, kwa hiyo faili ya jaribio izidi RAM ya seva, ikiwezekana mara mbili.

Hatua ya mwisho: Safisha

Mafaili ya majaribio yakiachwa yanakula nafasi, na miezi sita baadaye mtu ataogopa kuyafuta. Yaondoe, kisha iambie SSD kwamba vyumba vile viko huru:

`rm -r /kazi/jaribio /kazi/jaribio.bin`

`sudo fstrim -v /kazi`

Kwenye Windows futa folda ya `D:\jaribio`, halafu:

`Optimize-Volume -DriveLetter D -ReTrim -Verbose`

Tarakimu ulizopata ziweke kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha kasha: tarehe, saa, joto la chumba, asilimia iliyojaa, amri iliyotumika, thamani ya kati ya kila kipimo, na hesabu ya nambari 5, 197 na 199. Fundi atakayeifungua mashine mwakani, pengine kisiwa chengine, ataanzia hapo.